Amri Nyingi, Maji Machache: Historia Fupi ya Bustani na Mabanda ya Uani Dar es Salaam

Katika kipindi cha takriban miaka mia moja, mchicha unaooteshwa nyuma ya nyumba jijini Dar es Salaam umepewa majina manne na wenye mamlaka. Kwanza uliitwa uchafu. Baadaye ukaitwa wajibu wa taifa. Kisha ukaitwa mradi. Siku hizi, katika vikao vya mitaa na matangazo ya watendaji, unaitwa kero. Mchicha wenyewe haujabadilika. Bado huoteshwa kwenye tuta lenye samadi ya kuku, bado huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na bado hunyauka adhuhuri ya Februari usipopata maji. Kilichobadilika kila mara ni njaa au shibe ya dola inayoutazama.

Historia ya siasa zetu huandikwa kutoka Ikulu, Bungeni na katika kumbi za mikutano mikuu ya chama. Ni mara chache huandikwa kutoka uani. Katika makala haya ninajaribu kuiandika kutoka huko, kwa sababu ninaamini kwamba ua wa nyumba ya kawaida ni ushahidi mzuri wa jinsi watawala wetu, wageni kwa wenyeji, walivyowaelewa wakazi wa mji. Dai langu ni jepesi. Dola imekuwa hodari wa kutoa marufuku na amri juu ya bustani na mabanda ya mijini, lakini imekuwa nzito kutoa vitu viwili ambavyo bustani na banda haviishi bila hivyo: maji na uhakika wa ardhi. Na kila mwaka, kiangazi hurudi kutukumbusha deni hilo.

Majira yenyewe

Tuanze na majira, kwa kuwa historia nyingi za miji yetu huandikwa kana kwamba hakuna jua. Kwa msomaji wa Dodoma au Iringa, kiangazi ni msimu mrefu wa ukavu unaoanza karibu na mwezi Juni, na mwanzo wake huambatana na baridi. Kwetu pwani, kiangazi kinachotesa ni kile kilichobanwa baina ya mwisho wa mvua za vuli na mwanzo wa masika, yaani Januari hadi Machi, wakati wa upepo wa kaskazi. Joto la mchana hufika wastani wa nyuzi 32 hivi, na unyevu wa hewa ya bahari huzuia hata usiku usipoe.

Katika miezi hiyo, mita moja ya mraba ya mboga za majani hupoteza kati ya lita 4 na 6 za maji kwa siku kupitia udongo na majani. Hivyo basi, tuta la mita 10 za mraba linahitaji takriban lita 50 kila siku, sawa na ndoo mbili na nusu za lita 20. Mwenye matuta manne huhitaji ndoo kumi. Akiwa na bomba linalotoa maji, hiyo ni kazi ya nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Akiwa anayanunua maji kwa dumu, hilo ni swali la hesabu: je, fungu la mchicha litarudisha gharama ya maji yaliyoliotesha?

Wanyama nao wana hesabu yao. Kuku hana tezi za jasho. Joto likizidi nyuzi 30 hivi, hutanua mabawa na kuhema kwa mdomo wazi ili apoe. Kuhema huko huondoa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa wingi mwilini, hali inayovuruga kemia ya damu na kupunguza kalsiamu inayofika kwenye ganda la yai. Ndiyo maana mayai ya kiangazi huwa machache na maganda yake mepesi. Ng'ombe wa maziwa mwenye damu ya kigeni hupunguza kula, maziwa yakapungua, ilhali anahitaji kunywa lita 60 au zaidi kwa siku. Majani ya kumlisha, ambayo vijana huyakata mabondeni na kandokando ya barabara na kuyapakia kwenye baiskeli, nayo huwa yamekauka.

Dawa ya yote haya inajulikana kwa kila aliyelelewa katika nyumba yenye banda. Mwagilia alfajiri au baada ya alasiri. Funika tuta kwa matandazo ya majani makavu ili udongo usiunguzwe. Weka kichanja cha makuti juu ya kitalu. Walishe kuku mapema asubuhi na tena jioni, maana chakula cha adhuhuri huongeza joto mwilini. Maarifa haya hayakutokana na waraka wowote wa Serikali. Yamehifadhiwa na kaya, na ndani ya kaya, yamehifadhiwa zaidi na akina mama.

Jina la kwanza: uchafu

Wajerumani walipoufanya mji wa Dar es Salaam kuwa makao yao makuu mwaka 1891, na Waingereza walipoushika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliupanga kwa rangi ya ngozi. Kanuni za ujenzi zilizoanzishwa na Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza ziligawa mji katika kanda tatu, ambazo wenyeji waliziita kwa majina yasiyo na kificho: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini uliachwa uwanja usiojengwa, ambao sehemu yake tunaijua hadi leo kama Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Mwafrika alidhaniwa kuwa chimbuko la malaria na tauni, na nafasi ya wazi ingemzuia mbu asivuke.

Katika mantiki hiyo, mimea mirefu na mifugo karibu na makazi ya Mwafrika ilihesabiwa kuwa hatari ya kiafya. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki kulima mahindi mjini kulipigwa vita kwa madai kwamba yanaficha mbu na wahalifu. Lakini vuka mipaka ya kanda uone tofauti. Nyumba za maofisa wa Kizungu, kama zile za Oysterbay, zilijengwa kwenye viwanja vikubwa vyenye miti ya kivuli, maua na mboga, vilivyomwagiliwa kila jioni na mfanyakazi aliyeitwa shamba boi. Neno hilo limebaki katika lugha yetu, na ni ushahidi wa kihistoria kuliko nyaraka nyingi. Mkono uleule wa Mwafrika ulipomwagilia ua wa Mzungu ulikuwa ukifanya kazi ya bustani. Uliporudi Uswahilini na kumwagilia kunde zake, ulikuwa ukichafua mji.

Hata hivyo, nyumba ya Kiswahili haikujengwa kwa kufuata mawazo ya afisa afya. Ilikuwa na baraza mbele, korido katikati, na nyuma yake ua. Uani palikuwa na jiko, choo, kisima au mtungi, mpapai, na mara nyingi kuku na bata. Ua ulikuwa sehemu ya ramani ya nyumba sawa na vyumba vya kulala. Kariakoo, Ilala na Magomeni zilikua kwa ramani hiyo, na ilipita miongo mingi kabla ya maghorofa kuanza kuumeza ua huo.

Unafiki wa jina hili la kwanza ulidhihirika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huko Uingereza, Serikali iliwahimiza raia wachimbe kila kipande cha ardhi ili walime chakula. Viwanja vidogo vya bustani za raia vilifikia karibu milioni 1.4, na hata handaki linalozunguka ngome ya Tower of London lililimwa mboga. Kaya zilihimizwa kufuga kuku uani. Himaya iliyomtazama mfugaji wa Uswahilini kama mchafu ilimwita mfugaji wa London mzalendo. Wote wawili walikuwa wakifuga kuku. Tofauti ilikuwa njaa ya nani iliyohesabiwa kuwa njaa ya taifa.

Jina la pili: wajibu

Uhuru haukubadilisha sheria za mipango miji kwa haraka, lakini ulibadilisha hotuba. Mwaka 1972, mkutano wa TANU uliofanyika Iringa ulitoa azimio la Siasa ni Kilimo. Miaka miwili baadaye nchi ilikumbwa na upungufu mkubwa wa chakula. Ukame ulikuwa sababu, na wanahistoria wengi wanaongeza kwamba kuwahamisha mamilioni ya wakulima kwenda katika vijiji vya ujamaa katikati ya misimu ya kilimo kulizidisha tatizo. Wakati huohuo bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973, na nafaka zililazimika kuagizwa nje kwa fedha za kigeni zilizokuwa haba.

Jibu la Serikali likawa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974/75. Ofisi, viwanda, shule na taasisi za umma zilitakiwa ziwe na mashamba, na wakazi wa mijini walihimizwa kulima kila mahali palipowezekana. Mahindi, yaliyokuwa yakifyekwa kwa amri, sasa yalipandwa kwa amri. Nafasi za wazi na mabonde ya mji yakawa mashamba ya matawi ya chama na ya mahali pa kazi.

Sidharau kampeni ile. Ilijengwa juu ya wazo sahihi kwamba taifa linaloomba chakula haliwezi kujiita huru, na iliondoa aibu iliyopandikizwa na ukoloni kwamba mtu wa mjini hashiki jembe. Lakini tuitazame kwa jicho la mwagiliaji. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulikuwa umejengwa mwaka 1959 kwa ajili ya mji mdogo, na wa Ruvu Chini haukukamilika hadi mwaka 1976. Amri ya kulima ilitangulia maji ya kumwagilia. Kwa hiyo kampeni ilitegemea mvua, na mvua ndiyo hasa iliyokuwa imekosekana. Aidha, hakuna aliyepewa haki yoyote juu ya kipande alicholima. Mkulima wa mjini alikuwa mtumishi wa kampeni, na kampeni ilipopoa, ardhi ilirudi kuwa kiwanja kinachosubiri mwenyewe.

Jina la tatu: mradi

Muongo wa 1980 ndio ninaoukumbuka kwa macho yangu mwenyewe, japo kwa macho ya mtoto. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, kupanda tena kwa bei ya mafuta, na kudorora kwa mashirika ya umma viliufanya mshahara kuwa heshima isiyonunua kitu. Maduka yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Baba yangu alikuwa karani katika shirika moja la umma, na tuliishi katika nyumba ya shirika yenye ua wa saruji na kipande cha udongo. Mama alikuwa na kuku wa mayai wapatao hamsini katika banda la mabati na wavu.

Katika miezi ya kaskazi, banda lile lilikuwa tanuri. Mama alichukua magunia ya katani, akayalowesha, akayatundika juu ya wavu upande unaotoka upepo. Upepo ulipopenya kwenye gunia lenye maji uliingia bandani ukiwa umepoa. Sisi watoto tulipewa zamu ya kuyalowesha upya kila baada ya muda, tukitoka shule. Alikuwa na kanuni moja aliyotufundisha kwa ukali: "Kuku akishaanza kuhema, mmeshachelewa." Pumba tulizifuata mashineni, dagaa tuliwatwanga wenyewe, na mayai yalinunuliwa na majirani kabla hayajapoa. Ada zetu za shule, sare na dawa zilitoka bandani. Mshahara wa baba ulilipia nauli yake ya kwenda kuutafuta.

Nyumba yetu haikuwa ya pekee. Watafiti waliouchunguza uchumi wa Dar es Salaam wa wakati ule, miongoni mwao Aili Mari Tripp, wameeleza jinsi kaya za wafanyakazi, wakiwamo wahadhiri wa chuo kikuu na maofisa wa ngazi za juu, zilivyoishi kwa kufuga kuku na ng'ombe, kuoka maandazi na kushona nguo, na jinsi wanawake walivyokuwa nguzo ya shughuli hizo. Profesa Camillus Sawio aliandika tasnifu yake ya udaktari, iliyokamilika mwaka 1993, juu ya kilimo cha ndani ya jiji hili. Neno lililotumika mitaani lilikuwa mradi. Lilikuwa neno la busara. Halikuwa biashara, kwa sababu biashara ilinuka ubepari. Halikuwa ajira, kwa sababu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili na kuajiri watu kwa faida yake. Mradi ulikuwa kitu kisicho na jina la kiitikadi, na kwa hiyo kiliweza kuishi.

Dola ilijikuta katika utata. Mwaka 1983 ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioonekana hawana kazi rasmi wakakamatwa mitaani ili wapelekwe vijijini kulima. Mwenye kibanda cha mboga angeweza kuitwa mzururaji ilhali ndiye aliyelisha familia ya mkamataji. Ni baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kushika madaraka mwaka 1985, katika enzi ambayo wananchi waliibandika jina la ruksa, ndipo miradi ikaanza kuvumiliwa hadharani. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi. Kwa maneno mengine, chama kilikiri kwa maandishi jambo ambalo mabanda ya uani yalikuwa yamelithibitisha kwa muda mrefu.

Ruhusa yenye masharti

Mwaka 1992 zilitungwa kanuni za kilimo cha mijini chini ya sheria ya mipango miji iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Kanuni hizo zilikuwa hatua ya maana, kwa sababu kwa mara ya kwanza zilikiri kwamba kilimo ni sehemu ya maisha ya mji. Ziliruhusu mtu kulima eneo lisilozidi ekari tatu, na kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, tena wafugiwe ndani bila kuachiwa kuzurura. Lakini ukizisoma kama mkulima, utagundua kwamba zinaeleza kwa ufasaha kile usichoruhusiwa na kunyamaza juu ya kile utakachosaidiwa. Hazikumpa mkulima haki ya kudumu juu ya nafasi ya wazi anayoitunza, wala hazikuutaja mfereji.

Wakati huo jiji lilikuwa linakua kwa kasi ambayo hakuna kanuni iliyoweza kuifuata. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wakazi 843,090 katika sensa ya 1978, wakawa 1,360,850 mwaka 1988, wakawa 2,487,288 mwaka 2002, wakawa 4,364,541 mwaka 2012, na 5,383,728 mwaka 2022. Katika ukuaji huo, ua ulikuwa wa kwanza kutolewa kafara. Mwenye nyumba aliyekuwa na ua alijenga vyumba vya wapangaji. Aliyekuwa na mwembe aliukata ili gari lipate pa kuegesha. Kwa kila tuta lililofunikwa kwa saruji na kila mti uliong'olewa, mtaa uliongezeka joto, maana udongo wenye unyevu na majani hupooza hewa, ilhali saruji na bati huhifadhi jua la mchana na kulirudisha usiku. Tumeuondoa ua, kisha tunanunua feni.

Jina la nne: kero

Februari iliyopita kulifanyika mkutano wa wakazi katika mtaa ninaoishi, pembezoni mwa jiji. Ajenda ilikuwa na mambo mawili: kuondoa mabanda yote ya mifugo katika siku 30, na kujenga fremu za maduka kwenye nafasi ya wazi ambayo kwa miaka mingi imelimwa mboga na kaya kumi na moja. Tuliambiwa kwamba mabanda ni kero na kwamba bustani zinaharibu mandhari.

Mama mmoja mjane, mwenye umri unaozidi miaka sitini, anayefuga kuku wa kienyeji na mbuzi watatu wa maziwa, aliomba nafasi ya kusema. Alisema hivi: "Mwenyekiti, mwaka 1974 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tulitolewa darasani tukalime shamba la shule, kwa amri ya Serikali. Leo ninalima bila kuamriwa na mtu, mnaniambia ni kosa. Naomba mnielekeze. Kosa langu ni kulima, au ni kulima bila kuamriwa?"

Mwenyekiti alimjibu kwa adabu, "Mama yangu, shikamoo. Agizo hili si langu, limetoka juu." Mkutano uliahirishwa bila uamuzi. Katika miaka yangu ya kufundisha historia, sijapata kusikia muhtasari bora wa uhusiano wa dola na mkulima wa mjini kuliko swali lile. Kwa hakika, uzi unaounganisha afisa afya wa kikoloni, kampeni ya 1974 na fremu za mtaa wetu ni huo: kulima kumekubaliwa kulipoamriwa, na kumetiliwa shaka kila raia alipojiamulia.

Suala la maji, kwa upande wake, halikuwa kwenye ajenda. Mwishoni mwa mwaka 2022, mvua za vuli zilipochelewa, kina cha Mto Ruvu kilishuka na jiji likaingia katika mgao. Waliochimba visima vifupi waligundua kile ambacho wakazi wa karibu na bahari wanakijua siku zote, kwamba maji hayo mara nyingi ni ya chumvi, na chumvi huua mchicha kabla ya jua. Wenye bustani walirudi kwenye maarifa ya zamani. Maji ya kuoshea mboga na mchele yalikwenda kwenye matuta. Kitalu kilisogezwa chini ya mwarobaini. Mchicha ukaachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na mlonge, kisamvu na matembele, ambavyo huvumilia ukavu. Hakuna aliyewapongeza.

Hoja za upande wa pili

Haitakuwa haki kuwachora watendaji wote kama warithi wa afisa afya wa Kijerumani. Zipo hoja za kweli. Madumu na makopo ya maji yaliyoachwa wazi huzalisha mbu wa homa ya dengi, na jiji hili limepata milipuko ya ugonjwa huo, ukiwamo wa mwaka 2014 na wa mwaka 2019. Bonde la Msimbazi hupokea majitaka ya viwanda na makazi, na mboga zinazomwagiliwa kwa maji hayo zinaweza kubeba vimelea na madini yenye sumu. Banda lisilosafishwa hunuka, na katika kiangazi hunuka mara mbili. Mpangaji anayelala ukuta mmoja na nguruwe wa jirani ana haki ya kulalamika.

Lakini tazama hoja hizi kwa makini. Kila moja inaelekeza kwenye huduma. Mbu wa dengi hudhibitiwa kwa mifuniko na elimu. Sumu ya Msimbazi huzuiwa kwenye mdomo wa bomba la kiwanda, na wala mama mwenye tuta la mboga siye aliyeimwaga. Harufu hupunguzwa na afisa mifugo anayetembelea mitaa na kuelekeza. Katika ugonjwa wa kideri tumekwisha kuona jinsi huduma inavyoshinda marufuku. Ugonjwa huo ulikuwa ukifagia kuku wa kienyeji mtaa mzima, na chanjo za zamani ziliharibika haraka kwa joto. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na kuzalishwa pia hapa Tanzania, inavumilia joto zaidi na hutolewa kwa tone moja la jicho. Mama wa uani aliyefundishwa anaweza kuwachanja kuku wake na wa jirani. Hapo sayansi ilikubali kwamba nchi hii ina joto na kwamba mfugaji wake hana jokofu. Sera zetu za miji bado hazijakubali hivyo.

Tunachodaiwa

Kutokana na historia hii ninapendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wa halmashauri zetu. Mosi, nafasi za wazi zinazolimwa ziorodheshwe na wanaozilima wapewe hati za matumizi za miaka kadhaa, ili mtu aweze kupanda mpapai akiwa na hakika ya kula matunda yake. Pili, kila jengo jipya la umma na kila soko livune maji ya mvua ya masika na vuli, na sehemu ya maji hayo iwekwe kwa ajili ya bustani za mtaa katika miezi ya Januari hadi Machi. Jiji hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiishia baharini baada ya kubomoa barabara. Tatu, maofisa ugani wa kilimo na mifugo waliopo katika kata wapimwe kwa idadi ya nyua walizotembelea na kuku waliochanjwa, badala ya idadi ya mabanda waliyoyabomoa.

Najua atakuwepo atakayesema kwamba jiji la watu zaidi ya milioni tano haliwezi kulishwa na matuta ya uani. Ni kweli, na sijadai hivyo. Unga wetu utaendelea kutoka Rukwa, Ruvuma na Mbeya, na mchele kutoka Morogoro na Mbeya. Lakini unga hausafiri na mboga yake. Mboga ya majani hunyauka njiani, na kwa kaya maskini ndiyo chanzo cha kila siku cha vitamini na madini. Yai la uani halihitaji lori. Mwaka 1974, mwaka 1983 na tena wakati wa mgao wa 2022, tabaka hilo jembamba la chakula cha karibu ndilo lililozuia dhiki isiwe maafa. Tabaka hilo limeshikiliwa na watu ambao hakuna bajeti inayowataja.

Ikiwa masika yatachelewa tena, na katika hali ya hewa ya miaka hii tusishangae yakichelewa, nina hakika itatungwa kauli mbiu mpya ya kuhimiza kilimo cha mijini. Wenye matuta wamekwisha kusikia kauli mbiu za kutosha. Kabla ya kuwaamuru tena, tuwaulize kwanza maji yao yanatoka wapi.